Kaka anataka kumtumia mwanangu kishikwambi cha tiba, mimi sitaki

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Kigoma, kwenye mwalo wa Kibirizi. Nina mke na watoto wanne. Ninayekuandikia habari zake ni wa pili, wa kiume, ana miaka 9, yuko darasa la tatu.

Mtoto huyu hatulii. Sisemi utundu wa kawaida, maana wote niliowazaa ni watundu. Huyu ukimtuma chumvi dukani anarudi bila chumvi na bila hela, na ukimuuliza anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyesahau. Juzi nilimtuma kwenye sanduku la vifaa aniletee spana namba 17. Si mbali, hatua chache tu kutoka nilipokuwa nimeinamia injini. Nikangoja weee, mwisho nikaifuata mwenyewe. Nikamkuta amechutama na akina mama wanaoanika dagaa, anawasaidia kuchambua, tena kwa bidii kama mtu aliyeajiriwa, na spana ameibana kwapani. Hakukataa kuileta. Alisahau tu kwamba anaileta.

Shuleni ndiyo usiseme. Ukifungua daftari lake, mstari wa kwanza umenyooka, wa pili unapanda mlima, wa tatu haupo. Darasa lao lina watoto zaidi ya mia na mwalimu ni mmoja, naye ameshamchoka. Fimbo amekula mpaka haziogopi tena. Mwakani ni darasa la nne, kuna ule upimaji wa kitaifa, na mwalimu ameshaniambia nijiandae kisaikolojia.

Sasa, kaka yangu mkubwa anaishi Marekani, ni miaka mingi. Mtoto wake naye alikuwa hivi hivi, wakampima, wakasema ana ADHD. Kwa nilivyoelewa, ni hali ya ubongo kushindwa kutulia kwenye jambo moja na kuzuia pupa. Daktari wa huko akamwandikia gemu ya kwenye simu, kama vile mtu anavyoandikiwa vidonge, na kaka anasema imemsaidia. Kwa hiyo anataka kututumia kishikwambi chenye mambo hayo. Kuna pia programu nyingine aliyoiona mtandaoni, ya kulipia kila mwezi, wanasema inafundisha ubongo na mtoto hahitaji dawa yoyote. Kulipa atalipa yeye.

Mke wangu ameshakubali. Anauza mawese soko la Mwanga na ndiye anayeitwa shuleni kila mara, kwa hiyo simlaumu. Mimi nimekataa. Mtoto huyu akishika simu ya mama yake haiachi, na ukimnyang'anya ni vita nyumba nzima. Ndiyo nimpe mlevi pombe nimwambie ni dawa? Halafu kuna jambo jingine ambalo hakuna anayetaka kunisikiliza. Mtoto huyu huyu ukimpa kabureta ya Yamaha iliyofunguliwa, hatikisiki. Anasafisha kila tundu, anapanga skrubu kwa utaratibu wake, ukiweka moja mahali pasipo pake anakurekebisha. Ugonjwa gani huo wa kutotulia unaotulia kwenye injini? Mimi naona ni uvivu wa shule tu. Hata mimi nilikuwa hivyo, niliishia darasa la sita, na leo nalisha watu. Kweli spana nazinunua upya kila mara kwa kuzipoteza, lakini kazi naijua.

Mke wangu ameniambia kwamba ninachokataa si kishikwambi, ni kaka yangu. Eti nina wivu kwa kuwa yeye alisomeshwa na mimi sikusoma. Limeniuma hilo.

Mama yangu anasema sote tunapoteza muda, mtoto aombewe. Alipokuwa na miaka 3 aliugua malaria ikampanda kichwani, akapata degedege, akalala hospitali bila kujitambua. Mama anasema yule aliyerudi nyumbani siye yule aliyekwenda. Zahanati tulimpeleka mwaka huu, wakasema hana malaria, mtoto mzima.

Kuna mtu wa kaka anakuja mwezi ujao na kaka anataka jibu. Nipokee au nisipokee? Na mtoto nimwambie nini? Ameshasikia maneno yetu. Juzi kaniuliza, "Baba, mimi naumwa nini?"

Fundi, Kibirizi

*

Marahaba, fundi.

Nimeisoma barua yako, nikairudia. Unauliza upokee kishikwambi au usipokee, lakini mle ndani naona mambo mawili yamefungwa fundo moja: mtoto anayepata shida ya kweli nyumbani na shuleni, na zawadi inayotoka kwa kaka ambaye kati yako naye kuna la zamani. Ukijaribu kuyajibu yote kwa "ndiyo" moja au "hapana" moja, mmoja ataumia. Na atakuwa mtoto.

Nianze na kabureta, kwa sababu hapo umeshika kitu, ila sidhani kinakwenda unakokipeleka. Watu wengi hudhani mwenye ADHD hana umakini. Umakini anao. Kinachomshinda ni kuuelekeza anakotakiwa aupeleke. Kitu kinachoshikika, chenye jibu papo hapo, chenye kuchezea mikono, kinaweza kumteka saa nzima asisikie hata akiitwa. Kitu ambacho faida yake iko mbali, kama mstari wa tatu wa daftari, kinamponyoka. Kwa hiyo kutulia kwenye injini hakumwondolei hali hiyo, wala hakumthibitishii kwamba anayo. Na ushahidi wako huo huo unamhusu na kaka: mtoto kutulia kwenye gemu nako si dalili kwamba gemu inamtibu. Kuhusu uvivu, mwenyewe umeniambia ulimkuta akichambua dagaa za watu kwa bidii bila malipo.

Jambo lililonishtua liko chini kabisa ya barua, ukalipitia haraka kama maneno ya bibi. Malaria ya kichwani, degedege, kulala bila kujitambua. Bibi amekataa sababu za kitaalamu, lakini alichokiona kina uzito. Watafiti nchini Uganda waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya namna hiyo wakakuta baadhi yao wamebaki na shida za umakini, kumbukumbu na tabia, wengine na kifafa. Sisemi ndicho kilichompata mwanao. Nasema yeyote atakayemwona ni lazima asikie habari hiyo, tena iwe ya kwanza. Zahanati walitafuta malaria ya sasa hawakuiona, wakawa sahihi. Swali la malaria ya miaka 6 iliyopita hamkuwauliza.

Kuna kifafa kisichoangusha mtu. Mtoto anaduwaa sekunde chache, macho wazi, kisha anaendelea na shughuli kama hakuna kilichotokea. Mwalimu wa watoto mia anaona mtoto asiyesikiliza. Masikio mabovu nayo huleta picha hiyo hiyo, macho vilevile, upungufu wa damu, hata kukosa usingizi. Yote haya hupimwa, na hakuna gemu inayoyagusa. Na hapa simu ya mama yake ina kazi nzuri kuliko zote nilizozisoma kwenye barua yako: akiduwaa, mrekodi video fupi. Daktari akiiona ataelewa mengi kuliko maelezo yetu sisi wazazi, ambayo huanza na "basi tu, hatulii".

Ili mtaalamu aite hali hii ADHD, ataangalia kama dalili zilianza kabla ya miaka 12, kama zimedumu angalau miezi 6, na kama zinaonekana sehemu zaidi ya moja, si shuleni peke yake. Habari ya spana ni ushahidi kutoka nje ya shule, kwa hiyo usiiache nyumbani. Anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, uulizie huduma ya afya ya akili na upimaji wa masikio. Wakiona wanahitaji msaada zaidi, wanaweza kuwapa rufaa ya Bugando, Mwanza.

Sasa gemu ya kaka. Hakukudanganya. Juni 2020 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu gemu iitwayo EndeavorRx iandikwe na daktari kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye ADHD, na umri wa mwanao umo humo. Jaribio kubwa lililoitangulia lilikuwa na watoto 348. Waliopewa gemu hiyo walicheza dakika 25 kwa siku, siku 5 za wiki, kwa wiki 4, na wenzao wakachezeshwa gemu nyingine ya maneno. Walipopimwa umakini kwenye kompyuta, wa EndeavorRx walifanya vizuri zaidi. Lakini wazazi walipoulizwa hali ya mtoto nyumbani, makundi yote mawili yalionekana kupata nafuu, tofauti kati yao isionekane. Ndiyo maana mamlaka yenyewe ilisema gemu iende pamoja na matibabu mengine, isisimame peke yake. Huenda mtoto wa kaka alikuwa anapata na hayo mengine, na simu ndiyo iliyokumbukwa kwa kuwa ndiyo mpya. Hilo muulize kaka, kwa upole.

Ile ya kulipia kila mwezi naitilia shaka zaidi, kwa maneno yake yenyewe. Mazoezi ya kumbukumbu kwenye kompyuta yamechunguzwa sana. Mtoto huwa hodari wa zoezi lile analorudia, lakini uhodari huo hauvuki kirahisi kwenda kwenye hesabu za darasani. Na anayeuza kitu kwa kusema "mtoto hahitaji dawa" amejuaje, ilhali hajamwona mtoto? Dawa si adui, fundi. Kwa watoto wengi wenye ADHD hupunguza dalili, ingawa huweza kukata hamu ya kula na usingizi, na kwetu kuzipata si rahisi. Methilifenideti, inayotumika sana Ulaya na Marekani, iliombewa kuingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 na tena 2021, ikakataliwa mara zote mbili kwa hoja kwamba ushahidi wa faida na madhara yake haujatosheleza. Hayo yaache yaamuliwe na daktari aliyemshika mtoto mkono. Yasiamuliwe na tangazo, wala na mimi.

Lakini simu kama simu siwezi kukubaliana nawe kwamba ni pombe. Inategemea iko mkononi mwa nani. Tiba isiyo ya dawa ambayo imejaribiwa muda mrefu kwa watoto hawa ni kumfundisha mzazi na mwalimu namna ya kumwongoza. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018, kwa mtoto wa umri wa mwanao, unaanza na kuwaelimisha wazazi na kurekebisha mazingira ya nyumbani na shuleni, kisha dawa kama shida bado ni kubwa. Mafunzo yenyewe ni mambo madogo yanayochosha. Unamwita jina, unangoja akutazame, unampa agizo moja tu. Akilitimiza unamsifu hapo hapo, usingoje jioni, kwa sababu sifa iliyochelewa kwake ni kama haikutolewa. Anapata alama, na alama zina kitu anachokipenda, na kwa mtoto wako sihitaji kukutajia ni kitu gani. Makosa madogo unayapita kama hukuyaona.

Hapo ndipo simu inapofaa, na iwe yako. Kengele ya dakika 15 ya kazi za shule, kisha anapumzika, kisha 15 nyingine. Kitochi kinaweza hilo. Mwalimu akikubali, mama yake amtumie kila siku swali moja tu kwa WhatsApp, kwa mfano "amemaliza zoezi la kwanza?", naye ajibu ndiyo au hapana, na ndiyo iwe na alama nyumbani. Nimesema moja, maana mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia ukimpelekea fomu ya maswali kumi atakuzuia namba. Mkifika Bugando, uliza kama mnaweza kufuatiliwa kwa simu badala ya kupanda basi la Mwanza kila mara. Kule Mwanza watafiti wameshajaribu programu ya simu ya kuwasaidia wazazi wenye vijana wa miaka 10 hadi 17 kulea bila kupiga. Haikuwa ya ADHD, ila wazo lake nalipenda: wanaojifunza ni wakubwa.

Niseme jambo moja kuhusu wewe, na uniwie radhi nikikosea. Umeandika kwamba nawe ulikuwa hivyo, uliishia la sita, na spana unazipoteza mpaka leo. Hali hii hurithiwa sana katika familia, pengine kuliko tunavyodhani. Siwezi kukupima kwa barua. Ila kama umo, basi utaratibu wa alama za kila siku utakuelemea wewe kabla haujamwelemea mtoto, na mama yake atabaki nao peke yake, kama anavyobaki na mwalimu. Kengele basi iwe ya watu wawili. Na jingine: unaposema "leo nalisha watu", ni kweli na ni heshima. Lakini ulifika hapo kwa kupita njia ngumu ambayo huenda haikuwa lazima. Je, unataka naye aipite kwa sababu ilikufikisha?

Kwa kaka naona njia tatu, na kila moja ina mwiba wake. Unaweza kupokea kishikwambi kwa masharti: kinakaa kabatini, kinatoka saa fulani, usiku hakitoki kwa sababu usingizi ukipungua utundu huongezeka. Mwiba wake ni ndugu zake watatu ambao watataka kujua kwa nini mmoja tu, na vita vya kukirudisha kabatini ambavyo wewe umeshaviona kwa simu. Unaweza kumwomba kaka fedha hiyo iwe nauli na gharama za vipimo. Hapo utalazimika kumwomba, na nimeelewa kwamba kuomba ndiko kunakokuuma. Au umwambie angoje mpaka mtoto aonwe. Hii inaonekana ya busara, lakini kungoja bila tarehe huku darasa la nne linakuja ni kukataa kwa jina jingine, na mkeo ataliona hivyo. Vyovyote mtakavyoamua, ile programu ya mwezi kaka asiilipie kabla hajajua inachukua taarifa gani za mtoto na anaisitishaje.

Kuhusu wivu, mkeo amesema neno kali, na pengine lina chembe ya ukweli na chembe ya uchovu wa kuitwa shuleni. Jaribu mara moja uitikie wito wewe. Usiende kugomba. Nenda ukamwambie mwalimu habari ya degedege, kwa sababu sidhani anaijua, na umwombe mtoto akae mbele, na fimbo zipumzike. Zingekuwa zinafanya kazi, zingeshafanya.

Bibi mwache aombe. Ila mwende naye hospitali, kwa kuwa yeye ndiye anayekumbuka ile siku aliyolazwa kuliko nyinyi wote.

Mtoto ameuliza anaumwa nini, na ukikaa kimya atajijibu mwenyewe, na jibu la mtoto aliyezoea fimbo huwa "mimi ni mjinga". Mwambie ukweli kama ulivyo leo: kwamba hamjui bado, kwamba kuna mambo yanamponyoka ambayo wengine hayawaponyoki, kwamba mnakwenda kwa mtu anayejua ili aangalie masikio yake na kichwa chake, na kwamba hakufanya kosa. Usimwambie ni mgonjwa. Usimwambie pia kwamba hana kitu, kwa kuwa anajua anacho. Kama maneno haya yanakuwa mazito mkikaa nyumbani mnatazamana, mwambie mkiwa na injini mbele yenu.

Shangazi